Kutoka Mwaloni Hadi Bwawani: Sifa Zinazompandisha Mwogeleaji Ngazi kwa Ngazi



Yeyote aishiye kando ya maziwa yetu, iwe ni Majanji upande wa Busia, Kasensero karibu na mpaka wa Tanzania, au Ntoroko kwenye Ziwa Albert mkabala na Kongo, amewahi kumwona mtoto wa namna hii. Mashua ingali mbali na mwalo, naye amekwisha kujitosa majini. Wenzake maji yanapowafika shingoni hurudi. Yeye huendelea mpaka akashika ubavu wa mashua, kisha akarejea nchi kavu akicheka. Watu wazima humshangilia, na mmoja wao husema kwamba mtoto huyu angezaliwa mjini angekuwa bingwa wa dunia.

Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi sisi tunaofanya kazi ya kuunganisha polisi na jamii, na mara nyingi hufuatwa na swali: je, mtoto kama huyu anaweza kuingia katika mashindano, na akiingia atapandaje? Tumeona vema kulijibu hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ziwa lile lile linalokuza kipaji huua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka wa 2021 peke yake. Ya pili ni kwamba mzazi asiyejua njia ya kweli ya kupanda ni rahisi kudanganywa na mtu anayemwahidi njia ya mkato kuvuka mpaka.

Jibu letu ni kwamba mtoto huyo anaweza, lakini kilichomfikisha kwenye mashua sicho kitakachompandisha katika mashindano. Kila ngazi hudai sifa ambayo ngazi ya chini yake haikuidai. Na katika ngazi zote, mwogeleaji hana budi kukubali kupimwa kwa haki: kupimwa na saa, kupimwa na mwamuzi, na kupimwa kwa hati zake.

Ngazi zenyewe

Chini kabisa yapo mashindano ya shule na ya klabu, ambayo mara nyingi hufanyika katika bwawa la mita 25. Juu yake yapo mashindano ya taifa, yanayosimamiwa na chama cha kuogelea cha nchi. Kisha huja mashindano ya Kanda ya Tatu ya Afrika, ambamo Uganda hukutana na Kenya, Tanzania na majirani wengine; halafu mashindano ya bara zima; na kileleni yapo mashindano ya dunia na Michezo ya Olimpiki. Olimpiki huogelewa katika bwawa la mita 50. Mabwawa ya urefu huo ni machache katika ukanda wetu, na mojawapo linalojulikana sana ni lile la Kasarani, Nairobi, katika uwanja uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987.

Kinachomtoa mtu ngazi moja na kumpeleka nyingine ni muda. Katika mpira wa miguu, kocha anaweza kumteua kijana kwa kumtazama tu. Katika kuogelea, macho ya kocha hayatoshi. Muda wa mwogeleaji hupimwa katika shindano linalotambuliwa, nao huandikwa kwa sehemu za mia za sekunde. Kwa Olimpiki ya Paris ya 2024, mwanamume aliyetaka kufuzu moja kwa moja katika mita 50 za mtindo huru alitakiwa kuogelea kwa sekunde 21.96 au chini ya hapo.

Ipo pia nafasi inayotolewa kwa nchi ambazo hazina mwogeleaji aliyefikia viwango hivyo, ili michezo iwe ya dunia nzima. Ndiyo iliyomfikisha Éric Moussambani wa Guinea ya Ikweta katika Olimpiki ya Sydney ya 2000. Alikuwa amejifunza kuogelea muda mfupi tu kabla ya hapo, katika bwawa dogo la hoteli, na hakuwa amewahi kuona bwawa la mita 50. Wenzake wawili katika mchujo wake waliondolewa kwa kuanza kabla ya ishara, naye akaogelea peke yake mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52.72, umati mzima ukimshangilia afike salama. Wengi hukumbuka kicheko cha siku ile. Sisi tungependa ikumbukwe pia kwamba baada ya Sydney aliendelea kujifunza, akapunguza muda wake mpaka chini ya dakika moja, na mwaka 2012 akateuliwa kuwa kocha wa timu ya taifa lake. Upendeleo ulimfungulia mlango. Yaliyofuata aliyapata kwa kazi.

Sifa ya kwanza: kuyaheshimu maji

Mtoto asiyeogopa maji husifiwa sana mialoni, ilhali walimu wa kuogelea humhofia kuliko wote. Katika mazoezi mazuri, jambo la kwanza kufundishwa huwa ni kuelea, kutoa pumzi chini ya maji, kutulia unapochoka, na kutoka majini bila msaada. Mbio huja baadaye.

Kwa hiyo mzazi anayetaka mwanawe aendelee aanze na kanuni za nyumbani. Mtoto asiogelee peke yake, wala usiku, wala karibu na mashua zenye injini. Asijitose kwa kichwa mahali asipojua kina chake. Maeneo yenye mamba yajulikane na kuepukwa. Kichocho nacho kipo katika maziwa yetu, hasa kwenye maji ya ukingoni yenye majani na konokono. Mtoto anayeingia majini mara kwa mara apelekwe kituo cha afya kupimwa. Na akiwa ndani ya mashua, hata awe hodari kiasi gani, avae jaketi la kuokolea maisha. Waogeleaji hodari nao huzama wanapochoka, wanapopata baridi au wanapojigonga kichwa.

Sifa ya pili: kukubali kufundishwa upya

Hapa ndipo watoto wengi wa ziwani hukwama. Aliyejifundisha mwenyewe huogelea kichwa kikiwa juu ili aone aendako na asimeze mawimbi. Ziwani hilo ni jambo la busara, lakini bwawani humchelewesha: kichwa kikiinuka, miguu huzama, na mwili mzima hugeuka kuwa ukuta unaosukumana na maji. Maji ni mazito takriban mara 800 kuliko hewa, na kwa hiyo kosa dogo la mkao hula nguvu nyingi. Mwogeleaji bora ni yule anayepita katika tundu dogo zaidi, mwili ukiwa umenyooka kama mtumbwi mwembamba, na nguvu zake zikitumika kusonga mbele badala ya kupigana na maji.

Aidha, mashindano yana mitindo minne, yaani huru, chali, chura na kipepeo, na kila mmoja una sheria zake. Katika chura na kipepeo, mikono yote miwili lazima iguse ukuta kwa pamoja wakati wa kugeuka na wakati wa kumaliza. Katika mitindo mingine mitatu isiyokuwa chura, mwogeleaji haruhusiwi kusafiri chini ya maji zaidi ya mita 15 baada ya kuanza au kugeuka. Anayevunja sheria hizo huondolewa, hata kama amewatangulia wenzake wote.

Kijana wa miaka 13 aliyezoea kusifiwa kijijini huona vigumu kuambiwa kwamba hajui kupumua, na kwamba itambidi aanze upya pamoja na watoto wa miaka 8. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Atakayekubali kuanza upya ndiye atakayepanda. Mwenye nguvu kumshinda lakini hasikii la mwalimu atabaki pale alipo.

Sifa ya tatu: subira ya miaka mingi

Katika ngazi ya klabu, mtoto mwenye mwili mkubwa anaweza kushinda kwa sababu tu amekua mapema. Miaka miwili mitatu baadaye, wenzake humfikia kwa kimo, na ushindi ule wa bure hukoma. Wengi huacha wakati huo. Wanaoendelea huwa ni wale waliozoea kujilinganisha na muda wao wenyewe wa mwezi uliopita, bila kujali sana nani alivishwa medali wiki hii.

Kazi yenyewe haina shangwe: kuamka kabla ya alfajiri, kupiga miguu kwa kushika ubao, kurudia mgeuko ule ule mpaka uzoeleke, kisha kwenda shule. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Mwaka 2012 mjini London, katika fainali ya mita 200 za kipepeo, Michael Phelps wa Marekani alikuwa akiongoza mpaka mita za mwisho. Chad le Clos wa Afrika Kusini, kijana wa miaka 20, aligusa ukuta kwa dakika 1 na sekunde 52.96, Phelps aligusa kwa 1:53.01. Tofauti ya sehemu tano za mia za sekunde ni fupi kuliko kupepesa jicho. Ilipatikana katika kugusa ukuta, jambo ambalo le Clos alikuwa amelifanya mara zisizo na idadi katika mazoezi ambayo hakuna aliyekuja kuyatazama.

Kirsty Coventry wa Zimbabwe naye alishinda dhahabu ya mita 200 chali mwaka 2004 mjini Athens, na akairudia mwaka 2008 mjini Beijing. Medali 7 kati ya 8 ambazo nchi yake imewahi kupata katika Olimpiki ni zake. Mwezi Machi 2025 alichaguliwa kuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, Mwafrika wa kwanza na mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo. Aliyekulia Harare, katika nchi isiyo na bahari, alitengenezwa na miaka mingi ya bwawa.

Sifa ya nne: moyo usioyumba

Katika ngazi za juu, mwogeleaji huogelea shindano moja zaidi ya mara moja. Mbio za mita 50, 100 na 200 za Olimpiki huwa na mchujo, nusu fainali na fainali ya watu 8. Aliyeng'ara asubuhi huanza upya jioni.

Jirani yetu Jason Dunford wa Kenya alilijua hilo mjini Beijing mwaka 2008. Katika mchujo wa mita 100 za kipepeo aliogelea kwa sekunde 51.14, ikawa rekodi ya Olimpiki kwa wakati ule. Katika fainali alimaliza wa 5. Hakukata tamaa: mwaka 2010, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi, alitwaa dhahabu ya mita 50 za kipepeo.

Kinyume chake kilimtokea Ahmed Hafnaoui wa Tunisia katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021. Alikuwa na miaka 18, na aliingia fainali ya mita 400 mtindo huru akiwa wa mwisho miongoni mwa wanane waliofuzu, akapewa njia ya 8 ukingoni mwa bwawa. Alishinda dhahabu. Mchujo ulikuwa umemweka wa mwisho, naye hakuufanya kuwa hukumu.

Sifa ya tano: unyofu

Hapa tunazungumza kama polisi, na tunaomba tusikilizwe kwa makini. Katika mashindano ya vijana, waogeleaji hugawanywa kwa umri, na umri huo huhesabiwa kwa kuangalia mtoto atakuwa na miaka mingapi ifikapo 31 Desemba ya mwaka huo. Mpakani kwetu, ambako ukoo mmoja huweza kuwa na nyumba pande mbili, hushawishi sana kutafuta cheti cha kuzaliwa cha pili kinachompunguzia mtoto miaka miwili, au kumwandikisha upande huu mwaka huu na upande wa pili mwaka ujao.

Kughushi cheti ni kosa la jinai, na anayewajibika kwanza ni mtu mzima aliyekitafuta. Lakini anayeumia zaidi ni mtoto. Hati zake hulinganishwa kila anapopanda: klabuni, katika chama cha taifa, kwenye pasipoti, katika shirikisho la dunia. Uongo uliopita bila kuonekana shuleni hufichuka katika ngazi ya kanda, wakati ambapo ameshatoa miaka 6 ya jasho. Njia ya mwongo ni fupi. Ama kubadili nchi ya kuwakilisha, jambo hilo lina masharti na muda wa kungoja. Halifanywi kwa kuvuka daraja tu.

Dawa nazo ni sehemu ya unyofu. Kwa kanuni za kimataifa, mwanamichezo huwajibika kwa kila kinachokutwa mwilini mwake, hata kama alipewa na mtu aliyemwamini. Vidonge na unga wa "kuongeza nguvu" unaouzwa sokoni bila maelezo usipewe mtoto kamwe.

Sifa ya sita ni ya watu walio nyuma yake

Hakuna mtoto anayepanda ngazi hizi peke yake. Husnah Kukundakwe wa Uganda alizaliwa bila sehemu ya chini ya mkono wake wa kulia. Katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu ya Tokyo aliwakilisha nchi yetu akiwa na miaka 14 tu. Nyuma yake ilikuwapo familia iliyokubali kumpeleka bwawani, na walimu waliokubali kumfundisha. Tunamtaja ili mzazi mwenye mtoto mlemavu ajue kwamba mashindano haya yamemtengea makundi yake, kulingana na aina na kiwango cha ulemavu, na kwamba kumficha nyumbani ni kumnyima haki yake.

Watu walio nyuma wanaweza pia kuwa watu wabaya, na ndiyo maana hatuwezi kumaliza bila hadhari. Iwapo mtu atafika kijijini akasema amemwona mwanao akiogelea na anataka kumpeleka kwenye kituo cha mazoezi ng'ambo ya mpaka, usifurahi kwanza, uliza. Anatoka klabu gani, na chama cha kuogelea cha nchi kinaitambua? Bwawa liko wapi, na je, unaweza kwenda kuliona? Mtoto atalala wapi, atasoma shule gani, nani atakuwa naye usiku? Kwa nini anataka ada ya safari ilipwe leo? Mtu mkweli hatakasirika kuulizwa.

Peleka habari kwa mwenyekiti wa LC 1 na kituo cha polisi kilicho karibu kabla ya kutoa idhini. Mtoto asivuke mpaka bila hati zake na idhini ya maandishi ya mzazi. Ofisi ya uhamiaji itakueleza yanayohitajika. Kumsafirisha mtoto kwa nia ya kumtumikisha ni kosa kubwa chini ya sheria ya mwaka 2009 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, hata kama mzazi alikubali. Vivyo hivyo, mwalimu yeyote, awe wa kigeni au wa hapa kijijini, asikae faraghani na mtoto mmoja katika chumba cha kubadilishia nguo. Mazoezi yawe wazi, na mzazi aruhusiwe kutazama. Ukiwa na shaka, piga 999 kwa polisi au 116 kwa simu ya msaada wa watoto. Simu hizi hazitozwi malipo.

Na wasiofika juu?

Wengi hawatafika. Kati ya watoto wote wanaoogelea mialoni kwetu, ni wachache watakaopata bwawa, na wachache zaidi watakaofikia muda wa taifa. Hatusemi hivyo kuwavunja moyo, bali ili mzazi asiuze ng'ombe kwa ajili ya ahadi.

Lakini mtoto aliyefundishwa kuelea, kupumua, kutii kanuni na kutulia anapochoka hajapoteza kitu hata kama hatavishwa medali. Anaweza kuwa kijana anayejua kwamba mtu anayezama hafuatwi kwa pupa, bali hutupiwa kwanza kamba, kasia au dumu tupu la plastiki ashikilie, huku msaada ukiitwa. Anaweza kuwa mvuvi anayerudi nyumbani, au mwokoaji katika kikosi cha majini. Kwa hiyo jioni mtoto wako atakapojitosa kuifuata mashua, usimshangilie tu. Mwite atoke majini, muulize nani alikuwa akimwangalia, na mwanzishe kwenye sifa ya kwanza.